Yurea Iliyokosa Nafasi

Mchana, Pan Suyun alikuwa amekaa kwenye tuta la jaruba lake la mpunga akila wali wa jana kwa achari ya figili, pale mbolea ya yurea aliyoimwaga asubuhi ilipoanza kutoka majini. Ilitoka kwa utaratibu. Vizee vyeupe, kimo kama cha bata, vilipanda tuta, vikakung'uta miguu, vikampita kwa adabu.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza Suyun.

"Kumejaa humo," kilijibu kimoja. "Tumekuta wenzetu wameshakaa."

Ilikuwa kweli. Msimu ule kijiji kilianza kumwagilia mpunga kwa maji taka ya mjini yaliyosafishwa mtamboni. Kwa macho yalikuwa maangavu, lakini yalikuja na nitrojeni yake, ileile iliyomo kwenye yurea, mabaki ya vyoo na masufuria ya mji mzima, na mpunga ulikula humohumo ukashiba. Mhandisi wa mtambo aliwaambia mkutanoni wapunguze mbolea. Mwenyekiti wa ushirika, Gu Genfa, alimpigia makofi, akamzawadia bata wa kukaushwa kwa chumvi, akamsindikiza hadi garini. Mgawo wa mbolea haukupungua hata kiganja. Ghala la mbolea lilikuwa la shemeji yake Genfa, na aliyekataa mgawo alifungiwa lango la maji.

Vizee vyepesi vilipaa angani vikiacha harufu ya kukata pua. Suyun alifuta machozi, akaendelea kula. Vilivyobaki vilivuka barabara, vikafuata mfereji kuelekea ziwani, ambako mdogo wake, Suqin, alikuwa na mabwawa ya kaa.

Siku chache baadaye Suqin alipiga simu.

"Dada, wageni wako wamefika."

"Wana adabu?"

"Adabu wanayo. Wanasalimia, wanaingia majini, maji yanageuka kijani kama uji wa majani. Kaa wangu hawapati pumzi. Leo nimewakuta jikoni, wamejipanga mbele ya feni."

Suyun alicheka. Mdogo wake hakucheka.

Mgawo uliofuata Suyun aliupokea, akaufungia kwenye banda la nguruwe. Jaruba lake likatulia. Hakuna aliyetoka humo, na mpunga ulikuwa wa kijani kilekile cha jirani. Haikuchukua muda Genfa akaja na pikipiki yake ya umeme.

"Mama Pan, mashamba yote yanatoa watu. Lako tu limekauka midomo. Una nini?"

"Mpunga umeshiba, Mwenyekiti."

"Umeshiba! Umekupigia simu?"

"Ungekuwa na njaa ungepiga."

Genfa alicheka hadi akashika tumbo, maana alipenda mtu mwenye jibu. "Naona umenivalia njuga," alisema, na alipokuwa akirudi nyumbani alipitia kwenye lango la maji, akalifunga kwa kufuli.

Jua lilikuwa kali. Udongo wa Suyun ulianza kupasuka, na ncha za mpunga zikajikunja kama vidole vya mgonjwa. Suqin alifika kwa basi na kikapu cha kaa waliosalia. Waliwapika kwa mvuke, wakawala na tangawizi na siki.

"Mwaga hiyo mbolea, Dada," Suqin alisema mwishowe.

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshakwisha. Mpunga wako ukifa, kaa wangu watafufuka?"

 Suyun alimminyia mdogo wake nyama ya gando la mwisho, akamwekea bakulini. Kulipokucha aliburuta magunia hadi shambani, akaimwaga mbolea, Genfa akasimama tutani kuhakikisha, kisha akamfungulia maji mwenyewe, tena kwa moyo mkunjufu, akiulizia afya ya nguruwe.

Vizee vilivyovuka barabara viliongezeka hata madereva wakalalamika. Ushirika ukachora kivuko cha mistari myeupe, Genfa akakata utepe mwekundu, na kwa kuwa Suqin hakuwa tena na kazi, akapewa filimbi, kibendera na kitambaa cha kufunga mkononi ili avushe vizee. Kazi aliiweza. Siku ya kwanza kizee kimoja kilisimama katikati ya kivuko kikiwa kimepotewa na wenzake, kikamwuliza kama ziwa liko mbali.

"Si mbali, babu," alisema Suqin. "Shika mfereji tu."

Akapuliza filimbi. Lori la mbolea likafunga breki, likasubiri kipite.