Maji ya Taarifa ya Habari

Msomaji wa taarifa wa redio ya taifa alisoma kama ilivyoandikwa: maji yanatoka mitaa yote, na wananchi wanaishukuru serikali. Nyumbani kwao, alikoishi na mama yake, bomba halikuwa limetoa hata tone tangu pampu ya mtaa ilipokufa. Habari ya pampu hiyo aliiandika mwenyewe, na kila alipoipeleka, mhariri aliifuta. Basi alisoma huku roho inamuuma. Aliposema maji yanatoka, maji yakatoka. Yalitokea kwenye redio za mtaani kwao, kupitia matundu ya spika, safi kabisa, yakakatika sentensi ilipoisha.

Jioni iliyofuata mtaa mzima ulikinga ndoo chini ya redio. Wenye redio ndogo walinung'unika kwamba za wenzao zina presha. Mama yake alipata sufuria moja, akamwuliza bintiye mbona anasoma mbiombio, kwani anafukuzwa na nani?

Mhariri alifurahi. Alimwambia sasa aache kulalamika kwamba taarifa ni ya uongo. Hakuna haja tena ya kumwita fundi wa pampu, ila habari ya maji itabaki sentensi moja, kwa kuwa ziara ya waziri lazima itangulie, nayo ni ndefu.

Msomaji alikasirika. Sentensi moja haitoshi kufua hata shuka! Jioni ile aliweka karatasi ya mhariri kando, akasema hewani ukweli wote: pampu imekufa, fundi hajaitwa, wakubwa wanajua. Redio zote zilikaa kavu.

Aliporudi, majirani walikuwa vibarazani na ndoo tupu, na hakuna aliyeitikia salamu yake. Mama yake alikuwa anafuta vyombo kwa kitambaa kikavu.

"Kwamba pampu imekufa tunajua, mwanangu," alisema. "Ulikuwa unamwambia nani?"

Kazini hawakumfukuza. Wasomaji wengine walijaribiwa, redio zikatoa unyevu tu.

Akarudi kwenye karatasi ya mhariri. Sentensi ile aliisoma polepole, akilivuta kila neno mpaka pumzi ikamwishia, machozi yakimdondoka mezani. Alipotoka studio, simu ikaita. Ilikuwa ya mama yake.

"Leo umesoma vizuri," mama alisema. "Tumepata ndoo mbili."

Msomaji akashukuru.