Mabati Yaliyofika Mfukoni

Jumanne moja ya Septemba, mwaka wa pili baada ya uhuru, Abasi dereva aliegesha lori tupu mbele ya ofisi ya komine ya Rumonge, akashuka, akatoa mabati ishirini na manne katika mfuko wa shati. Modeste, burugumesitiri aliyeongoza komine hiyo, ngazi ya chini kabisa ya Serikali, aliyapanga mezani kama karata. Kila bati lilikuwa na ukubwa wa kiganja, na migongo yake yote.

"Hakuna hata moja limepinda," alisema Abasi.

Modeste akatia sahihi.

Hakuna aliyeshangaa. Kila kitu ambacho Serikali ilizipelekea komine za ufukweni kilipungua kila kilipogongewa mhuri. Mabati hayo yalipakiwa Bujumbura na wanaume wanane waliotokwa jasho. Mhuri wa wizarani uliyafanya kama mlango wa kabati. Jimboni, kule milimani, yakawa kama daftari, na kwenye ofisi ya tarafa yakaenea mfukoni. Mwaka uliotangulia daraja zima lilikuja ndani ya bahasha. Vifaranga wa Modeste bado walikuwa wakilitumia.

Mwenye haraka alikuwa Domitille, mkunga. Nyumba ya kuzalishia ilikuwa na kuta nne, zilizojengwa na wanawake wa Rumonge wenyewe, na juu yake mbingu. Wakati wa mvua za mwaka jana Sikujua, mke wa mvuvi, alijifungulia humo. Mtoto akaloa, akaishi siku tatu. Domitille ndiye aliyemwosha, na jambo hilo lilimuuma kila alipoingia mle. Sasa Sikujua alikuwa na mimba nyingine iliyokaribia siku zake, na mawingu yalikwisha jipanga upande wa Kongo.

"Mukubwa, hii paa itafunika nini?" Domitille alimuuliza Modeste. "Sahani?"

"Serikali imetuma, Mama. Siye tumepokea."

Aliyepata dawa ni Zuwena, mwanikaji wa ndagala. Maisha yake yote alikuwa ameona ndagala wakisinyaa juani na kujaa tena wakilowekwa, na hakuona kwa nini bati liwe na maringo zaidi ya samaki. Wakayatia mabati katika karai la maji ya ziwa. Kabla ya alasiri karai lilipasuka, na mabati yakalala uani, mapana na marefu, yakinuka kidogo.

Kesho yake, Mustafa seremala alipokuwa amepigilia bati la kwanza tu, inspekta alifika kwa pikipiki kutoka jimboni. Habari njema, tofauti na mabati, ilikuwa imepanda huko bila kuchelewa. Alipima mabati yote kwa utepe, kisha akasoma karatasi aliyoisaini Modeste: mabati ishirini na manne, ukubwa wa kiganja, yamepokelewa kamili.

"Kilichozidi si chenu," alisema.

"Bwana Inspekta, hii vitu yote inatoka kwenu," alisema Domitille. "Kwa nini hamutume moja kwa moja hapa ku komine? Hii mameza yote iko ya nini?"

Inspekta alilifikiria swali hilo kwa moyo safi. Hakuwa mtu mbaya.

"Bila meza, Mama, nani atajua kama imefika?"

Domitille alimtukana kwa Kirundi, polepole, ukoo mzima. Inspekta, aliyezoea kushukuriwa, akajibu murakoze, yaani asante, na kupanda pikipiki yake.

Mabati yakapakiwa tena, na wanaume wanane wengine wakatokwa jasho. Yakazunguka meza zote, yakarudi baada ya siku tisa katika mfuko uleule wa Abasi, pamoja na waraka uliokataza kuloweka mali ya Serikali. Askari akawekwa kulinda ziwa. Alikuwa mmoja, na ziwa ni refu, lakini alikaa mahali pale pale wanawake walipochotea maji.

Sikujua alishikwa na uchungu siku ya Ijumaa, mchana kweupe, na mvua ikaanza saa hiyohiyo. Wanawake waliyaunganisha mabati kwa uzi wa nyavu, sita kwa manne. Yalitosha eneo la mkeka wa mtoto, tena mtoto mwenyewe ajikunje. Mvua iliteleza juu yake bila kuyakuza; yalitaka kulowekwa. Zuwena alishika upande mmoja, Sharifa jirani akashika wa pili, na Domitille akapiga magoti katika maji. Mtoto wa kike akatoka akipiga kelele. Kichwa kilibaki kikavu, miguu ikaloa. Mama yake aliloa mwili mzima, akatetemeka mpaka magharibi.

Wakamwita mtoto Bora. Ilipofika siku ya nne naye bado ananyonya, Domitille alikaa nyuma ya ukuta akalia kwa furaha, kisha akaenda kuripoti.

Modeste aliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Mtoto amezaliwa hai chini ya paa la Serikali.* Domitille aliutafuta uongo katika maneno hayo, hakuuona, akasaini kwa hasira.

Ripoti ikapanda kwenda tarafani, jimboni na wizarani. Iligongewa mihuri yote mitatu na haikupungua hata herufi. Huko juu wakaisoma kwa sauti, wakapongezana, wakaifuta Rumonge katika orodha ya komine zinazohitaji paa.