Saini ya Mwonjaji

Mama Mwiko alikifungua kichupa kabla hata hajawasha moto wa jiko la shule. Jana alikuwa ametia humo kipande cha muhogo mbichi na ukanda wa karatasi ya manjano ya kupimia sumu, wa mwisho kati ya zile alizopewa na bwana shamba kwenye semina. Sasa karatasi ilikuwa na rangi ya tofali: sumu ilikuwa nyingi.

"Muhogo mchungu una akili," bwana shamba aliwaambia wapishi siku ile. "Sumu yake ndiyo ngao yake, panya wasiutafune. Mvua ikikosekana, huizidisha. Mwaka wa ukame uloweke siku tatu, na maji mbadilishe."

Siku tatu! Unga ulipopanda bei, Bwana Stoo, ofisa wa chakula wa shule, alileta magunia haya ya muhogo kutoka mashamba yaliyokauka, na bomba la shule lilitoa maji saa moja tu kwa siku. Mihogo ililala majini usiku mmoja.

Saa tano sufuria ilikuwa ikichemka. Akagusisha kipande kwenye ncha ya ulimi, akatema. Uchungu ulikuwa palepale. Watoto mia mbili, mmoja wao mjukuu wake wa darasa la tatu, ambaye tangu azaliwe hajasaza chakula.

"Bwana Stoo, muhogo huu utatuulia watoto. Tazama karatasi."

"Karatasi ndiyo imekuajiri?" Alicheka bila kumtazama. "Mama, wewe ni kibarua tu. Watoto wana njaa. Pakua."

Alijua kibarua chake kingeota nyasi kabla jua halijatua, na nani angemchukua mpishi wa miaka hamsini na minane? Akapakua sahani moja, akaiweka mezani pamoja na daftari la waonjaji. Kanuni ilitaka ofisa aonje ndipo atie saini. Miaka sita Bwana Stoo alikuwa akisaini akiwa amesimama mlangoni, bila kuonja.

"Leo uonje, mwanangu," alisema. "Kijiko kimoja tu."

Bwana Stoo aliitazama sahani. Kisha akachukua kalamu, akasaini, kijiko akakiacha.

Kumbe na yeye alijua.

Kengele ikalia. Nje sahani za bati zikaanza kugongana. Mama Mwiko akainua karai la majivu, akamwita Mungu wake, akalimwaga lote ndani ya sufuria. Halafu akakaa chini.

Bwana Stoo alilivuta daftari, na chini ya saini yake akaandika polepole: *Mpishi ameharibu chakula salama cha watoto.*

Mjukuu akachungulia dirishani, sahani mkononi. "Bibi, leo hakuna chakula?"

"Hakuna, mjukuu wangu."

"Na kesho?"

Mama Mwiko aligeuka kuutazama mlango wa stoo. Ndani yalibaki magunia tisa, na kesho mpishi hatakuwa yeye.