Mate ya Goodson

Mgeni alishuka kwenye gari la hospitali mbele ya kichanja cha samaki cha Noëlla, amekumbatia kisanduku cheupe kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Hakuna aliyemtazamia. Korti ilisema mtu wa kipimo angekuja mwezi ujao, lakini gari lilikuwa linakwenda Chienge na lilikuwa na nafasi, akaona heri aje sasa.

"Mi ni Chalwe, wa maabara," akamwambia Noëlla. "Mutoto iko wapi, bamayo?"

Hénoc alikuwa nyuma ya nyumba, mdomo umejaa karanga. Chalwe akasema basi itabidi wangoje: mtoto asukutue kinywa kwa maji safi, kisha asile kitu mpaka aambiwe. Noëlla akamnyang'anya karanga, akarudi kuanika chisense. Samaki wale wadogo walimponyoka vidoleni.

Mume wake, Goodson, alizama ziwani mwezi wa tatu. Kabla matanga hayajaisha, kaka yake Davison alitia kufuli lake kwenye nyumba, akachukua mtumbwi na nyavu; Noëlla na mtoto wakabaki kulala kwenye kibanda cha jiko. Aliiambia korti kwamba Noëlla alivuka kutoka Kongo akiwa tayari na Hénoc tumboni. Korti ikaamua kipimo kiseme. Mtoto akiwa wa Goodson, nyumba ni yake. Asipokuwa wake, mama na mwana warudi kambi ya wakimbizi.

"Nusu ya mutoto inatoka kwa mama, nusu kwa baba," Chalwe alieleza, akipanga vijiti vyake vyenye pamba nchani. "Lakini mutoto mwanaume iko na kipande kimoja cha baba peke yake. Baba alikipata kwa baba yake, ule naye kwa baba yake, mupaka kwa nkambo wa zamani. Baba akikufa, tunapima ndugu yake mwanaume. Kile kipande kinapashwa kufanana."

"Inauma?" Hénoc akauliza.

"Hapana. Ni kusugua shavu ndani tu, kama muswaki."

Davison alipigiwa simu, akaja na viatu vya kanisani.

"Shemeji," akasema, "hii mashine haiogope machozi yako."

"Fungua kinywa, Davison," Noëlla akamjibu. "Acha uongo utoke kwanza, huyu apate nafasi ya kusugua."

Davison akacheka, akasuguliwa shavu, akatia sahihi, akaondoka.

Jua lilipokuwa linashuka, Goodson akapanda kutoka ufukweni. Alivaa shati lile lile alilozama nalo, na maji yalikuwa yanamchuruzika viwikoni. Alikuwa akija mara moja moja tangu mazishi, na Noëlla alikwisha kuzoea kumwekea karai chini ya kigoda ili sakafu isilowe.

Chalwe akamsalimu, akamwuliza kama amekula.

"Kule hatukulake chakula," Goodson akasema, akafungua kinywa.

Chalwe alimsugua shavu la kulia, kisha la kushoto. Kanuni ni kwamba kijiti kikauke kwa hewa kabla ya kutiwa kwenye bahasha ya karatasi, kwa sababu unyevu huozesha. Cha Hénoc kilikauka. Cha Davison kilikauka. Cha Goodson kiliendelea kudondosha maji. Chalwe akakipeleka nje, penye upepo.

Goodson akasogea karibu na mke wake.

"Kipimo cha Davison kitakatala," akasema kwa sauti ya chini. "Davison ni mutoto wa baba. Miye hapana. Mama alinipata kwa mutu wa Mofwe, mwaka alienda kule kuuza samaki. Aliniambia miye tu."

Upande huu wa ziwa mtu huhesabiwa kwa ukoo wa mama yake. Goodson na Davison walitoka tumbo moja, wakanyonya ziwa moja, na tangu hapo hakuna aliyewahi kuuliza zaidi, hata Davison mwenyewe. Swali la baba lilikuwa limeletwa juzi tu, na korti.

"Mate yangu nimekupatia," Goodson akaendelea. "Sema na hiyo. Lakini ya mama usiiseme korti. Ni yeye anaongoza wamama wa kanisa, atakufa na haya. Niahidi."

"Na mutoto wako?"

"Mate inatosha. Niahidi, Noëlla."

Akaahidi. Goodson akanywa maji, akarudi ziwani.

Kijiti chake hakikukauka. Chalwe akakisafirisha ndani ya chupa ya jemu.

Siku za kungoja, Noëlla alimtazama Hénoc akilala, akayatazama masikio yake, kucha zake, jinsi alivyokunja goti kama baba yake. Ukweli alikuwa nao. Lakini ukweli ulikuwa umepelekwa Lusaka, kwenye mashine ya watu wengine.

Siku ya korti watu walijaa mpaka mlangoni. Nkambo Eness, mama yao Goodson na Davison, alikaa benchi la mbele na sare yake ya kanisa, akijipepea kwa kitambaa. Hakimu akasoma: damu ya mtoto na ya Davison hazikutani kwa upande wa baba. Kisha akasoma habari ya kijiti cha tatu: mwenye mate haya ndiye baba, kwa asilimia tisini na tisa na zaidi.

"Mweshimiwa," Davison akasimama, "ule mutu alikufa. Bwafya iko hapo, hiyo ndiyo shida."

"Mi nilimuona juzi pale bandarini," mvuvi mmoja akasema kutoka nyuma. "Alikuwa muzima tu, ni maji ndiyo ilikuwa mingi."

Karani akatazama kumbukumbu zake. Kitambulisho cha Goodson kilirudishwa serikalini alipozikwa. Mtu asiye na kitambulisho hawezi kukubali kupimwa.

"Korti haikatai kwamba alikuja," hakimu akasema. "Inakataa mate yake."

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, akamgeukia Noëlla. "Mama, unajua sababu yoyote inayoweza kufanya ndugu wawili wa tumbo moja watofautiane katika kipimo hiki? Ukiwa nayo, isemwe leo. Kesho faili imefungwa."

Kitambaa cha Nkambo Eness kikasimama hewani. Bibi hakumtazama Noëlla. Alitazama sakafu, na midomo yake ilikuwa inasali.

Hénoc akamvuta mama yake kitenge. "Mama, tunarudi kwetu?"

Noëlla akameza mate.

"Sina neno, mweshimiwa," akasema, akaketi.

Kitambaa kikaanza kupepea tena. Hakimu akaandika kwamba nyumba ni ya Davison, na karani akaita kesi inayofuata, ya mbuzi walioingia shamba la mihogo.