Nimekuja kwa Amani, Lakini Nimekuja

Jumatatu saa moja kasorobo asubuhi, Mwalimu Demetria alifika dukani kwa Muhannad, pale Kibamba, kununua mkate. Alilikuta duka limefungwa na mwenyewe kasimama nje anajipapasa mifuko. Ufunguo ulikuwa umepotea. Nyuma ya duka Muhannad alikuwa na chumba cha gemu, na siku zile mtaa mzima uliingiwa na wazimu wa gemu moja tu, Milango Tisa. Shujaa wa gemu hilo akifika langoni husema, "Nimekuja kwa amani, lakini nimekuja," na lango hufunguka. Maneno hayo yalishatoka kwenye runinga zamani. Konda aliyasema akidai nauli, muuza samaki aliyasema akikugongea, hata katekista aliyasema siku ya mavuno na waumini wakatoa vizuri kuliko mwaka jana.

Demetria naye akayasema, kwa utani tu, akiutazama mlango. Kufuli likafunguka, likadondoka chini.

"Afadhali," alisema Muhannad, akaingia kumchukulia mkate.

Kufika adhuhuri Kibamba yote ilikuwa inafungua milango kwa mdomo. Baba mwenye nyumba mmoja alijifungulia bafu, akamkuta mpangaji ana povu kichwani, akatukanwa tusi la haja. Baada ya hapo watu wakakubaliana kwamba kwanza upige hodi mara tatu, ndipo useme. Mlango kufunguka si ruhusa ya kukosa adabu.

Demetria hakucheka na wenzake. Yeye alikuwa na mlango mmoja tu kichwani. Mumewe Audax, karani wa stoo, alikuwa na mwezi wa tisa mahabusu kwa mifuko mia mbili ya saruji iliyopotea kazini, na Jumamosi hiyo ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yao Loveness kabla ya ndoa. Ukumbi ulishalipiwa, vitenge vya sare vilishashonwa. Baba mdogo alikuwa tayari kumkabidhi binti kwa wakwe.

"Mie sikabidhiwi na baba mdogo," alisema Loveness. "Baba yangu yupo, hajafa."

Jumanne Demetria alipanda hadi kwa Bwana Brightson, bosi wa Audax, ambaye ndiye aliyekuwaga na ufunguo wa pili wa stoo. Alipiga hodi mara tatu kwenye banda la uani. Kimya. Akasema maneno yale, na banda likafunguka. Mifuko ilikuwa imepangwa mpaka darini, yote mia mbili, yenye muhuri wa kampuni. Saruji ilikuwa imeshaganda kuwa mawe. Demetria akaenda mbio kuwaita polisi.

Askari wawili walikuja. Mmoja aligonga mfuko kwa kidole, mwenzake akaandika. Bwana Brightson alirudi na gari lake, akamuuliza mwalimu habari za shule, kisha akafunga banda.

Alhamisi mahakamani, mwendesha mashtaka alisimama. "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika." Nayo yalikuwa maneno maarufu. Mahabusu kizimbani waliyasema pamoja naye kwa sauti ya chini, wakamaliza kabla yake. Kesi ikasogezwa siku kumi na nne, na hakuna aliyeuliza habari ya banda.

Ijumaa saa kumi na moja jioni Demetria alisimama mbele ya lango la gereza. Alikuwa na shati jeupe la Audax, limepigwa pasi. Alipiga hodi, akasema. Lango likafunguka. Akasema tena, la pili likafunguka. Akasema mara ya tatu, nalo la tatu likafunguka. Askari waliokuwa wanacheza drafti waliinua vichwa, wakamwitikia shikamoo yake, wakaendelea na kete zao.

Audax alikuwa amekaa kwenye mkeka wake. Alikonda, jamani.

"Baba Loveness, inuka twende. Milango yote iko wazi."

"Naiona. Tangu juzi inafunguka hivyo, wengi hapa wanayajua maneno."

"Sasa unangoja nini? Kesho ni sendofu!"

Audax alilitazama lile shati, asiliguse. "Mama Loveness, wamesema mie mwizi. Nikitoka kwa mlango huu nimetoroka, na Jumatatu watakuja kunikamata mbele ya wakwe. Upelelezi wao utakamilika siku hiyohiyo."

"Na mtoto nimwambie nini?"

"Mwambie sikukataa kuja."

Demetria alilia hapo hapo, bila kujificha. Audax alimfuta machozi kwa kiganja, akamwomba amwachie shati, maana tarehe ya kesi ingefika. Akalikunja vizuri, akaliweka chini ya mto.

Demetria alipofika kwenye mlango wa tatu, askari mmoja alimwita bila kuinua macho kwenye drafti.

"Mwalimu, samahani, ufunge ukitoka. Mbu wanaingia."

Demetria akaufunga. Akaufunga na wa pili, na lango kubwa la nje akalivuta kwa mikono miwili, kwa kuwa lilikuwa zito, akalisukuma mara moja kuhakikisha limeshika.