Mtu Haitwi Kile

Vumbi la chaki lilielea katika mwanga wa saa tisa alasiri, jeupe, jepesi, likakutulia mabegani, Mama, wala hukulipangusa. Ulikuwa umeketi nyuma ya darasa, kando ya jiko la kuni, kama ulivyoketi kila Jumanne tangu baridi iingie kijijini kwetu. Nimekuja kuota moto tu, ulisema. Kuni za serikali zinawaka kuliko zangu.

Nilikuwa nikiwafundisha Kihispania wageni waliokuja kwetu Aragón, Hispania, kuchuma zeituni. Watu saba, madaftari saba, vidole vilivyopasuka kwa baridi. Nikaandika ubaoni maneno matatu: esto, eso, aquello. Hiki, hicho, kile.

Katika lugha yetu, nikawaambia, kila kitu kina jinsia. Meza ni ya kike, mkate ni wa kiume. Lakini maneno haya matatu hayana kike wala kiume. Ni ya kitu usichokijua jina. Ni ya jambo lisilotajika. Ukikutana nalo, lishike kwa neno hili, mpaka ujue ni nini.

Nikaficha kitu chini ya kitambaa. "Hiki ni nini?"

Kadidia, mama mmoja kutoka Mali, akakunja pua. "Jina lake silijui, mwalimu. Ila kimekufa zamani."

"We mama!" akaruka Costel, Mromania, mwenye jibini lile lililofichwa. "Kesho usije kuniomba!"

Tukacheka. Nawe ulicheka, Mama. Nakumbuka ulivyocheka, maana ndiyo mara ya mwisho nilipokutazama nikidhani nakujua.

Haya, nikasema, sasa aquello. Kile, cha mbali. Tazameni nje, mniulize.

Kadidia akanyoosha kidole dirishani, juu ya mteremko, kati ya milozi iliyopukutika, kwenye jiwe pana lililofunika kisima kikavu. Alilipita kila asubuhi akienda shambani.

"Kile ni nini?"

Nikafungua kinywa nimjibu. Ukanitangulia.

"Kile," ukasema, "ni baba yangu."

Mama. Mama, nilidhani akili imekuhama.

Babu Eutiquio, fundi viatu, alikimbilia Ufaransa mwaka ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Ndivyo ulivyonilea. Alimwacha mkewe na mtoto wa miaka mitano, akaoa huko, akazeeka huko, akanenepa kwa mkate wa watu. Nilimchukia kabla sijajua kusoma. Siku ya harusi yangu uliponipa picha yake, nayo ilikuwa moja tu, niliitupa motoni mbele yako. Ulisimama ukaitazama ikijikunja, uso wake ukigeuka mweusi.

"Hakwenda Ufaransa," ulisema sasa, ukiwatazama wageni, mimi ukiniacha. "Walikuja mchana, na bunduki. Watu wa hapahapa, mmoja wao alikuwa amevaa viatu alivyoshonewa na baba. Nikawafuata hadi kwenye milozi. Nikasikia. Nikaona jiwe likisukumwa. Mama akanishika mdomo, akaniambia: ukiulizwa, yuko Ufaransa. Ukisema lingine, watatufuata na sisi."

Kuni zikapasuka jikoni.

"Basi nyumbani tukawa tunasema kile tu. Kabla ya kile. Baada ya kile."

Nililisikia neno hilo maisha yangu yote! Kwenye supu, kwenye misiba, katika minong'ono yako na bibi: aquello, aquello. Nami, mwalimu wa lugha, mwenye chaki na vyeti, nilidhani mnataja aibu ya mwanamume aliyetoroka.

Kadidia akainuka. Akaenda ubaoni, akaweka kiganja juu ya neno aquello, akafuta herufi mbili za mwisho. Likabaki aquel. Yule.

"Samahani, mwalimu," akasema polepole, akiyatafuta maneno moja moja. "Mtu haitwi kile. Mtu ni yule. Si ulitufundisha juzi?"

Nilimfundisha.

"Nipeni koti langu," ukasema.

Tukakupandisha mlimani, jua likiwa bado juu, Costel akikushika mkono, Kadidia mkono wa pili. Majirani wakatoka milangoni kututazama. Wengine, walipoona tunakoelekea, wakarudi ndani wakafunga.

Kisima kilifunguliwa baadaye, mwezi wa Mei, baada ya barua nyingi na mihuri mingi. Walikuwamo watano. Kila mmoja tulimzika kwa jina lake. Lakini kilichonivunja hakikungoja Mei. Kilinivunja Jumanne ile, juu ya ardhi ngumu ya Januari, ulipoiachia mikono iliyokushika, ukapiga magoti, ukaegemeza shavu kwenye jiwe kama mtoto anayesikiliza mlangoni.

"Baba," ukasema. "Walisema umetukimbia."

Upepo ukapita katika milozi. Ukavuta pumzi.

"Na mimi nikaitikia. Miaka sabini na sita, baba, nimekuwa nikiitikia."