Mipigo Minne Mitupu

Tu... mpigo mmoja wa ngoma, kutoka gizani nje ya saluni, na mwili wangu unaujua kabla sijaujua mimi, ni yeye, ni mdogo wangu, ndio wimbo wake mpya ninaoukimbia tangu ulipotoka, nikiusikia dukani natoka, nikiusikia kwa jirani nafunga dirisha, na leo nimenaswa, kichwa kimo mikononi mwa msusi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kichaka, mtu atakimbilia wapi na nusu kichwa... "Tulia, dada, mstari unapinda," msusi ananiambia, natulia, na fundi simu wa kibanda cha jirani anaingia na spika yake kwapani, anaitua kati ya makopo ya mafuta, anakaa bila kukaribishwa, "Hebu sikieni mzee alivyotuangusha," anasema, anaurudisha wimbo mwanzo, nami nafumba macho kama mtoto anayengoja sindano, kwa sababu sasa ndiyo inakuja, sauti ya msichana mwingine, mbichi, itapaza jina pale nilipokuwa nalipaza mimi, maana waimbaji wenzake hujitaja wenyewe wimbo unapoanza, yeye hakuwahi, alisema kujitaja ni kama kujipigia makofi, akaniweka mimi mbele ya kipaza sauti, mipigo minne ya ngoma, nami juu yake jina lake la utani, nalivuta mpaka gitaa linipokee, watu wameingia harusini kwa ukelele wangu wala hawajui ni wangu, humu mimi ni dada anayeshona mapazia, basi... mpigo, mpigo, mpigo, mpigo, gitaa, halafu yeye, sauti imezama, ina kutu kidogo. Hakuna msichana. Hakuna mtu.

"Mmeona?" Fundi simu anausimamisha. "Jina liko wapi? Kasahau jina lake mwenyewe, uzee huo!" "Uzee unao wewe!" anajibu binti wa chuo, kichwa ndani ya mashine ya kukaushia, anapiga kelele kama sote tumo humo ndani pamoja naye, "Wimbo mtamu!" "Mtamu kama dawa ya kikohozi," fundi anasema, na msusi, kitana mdomoni, "Jamani, lile jina la ndege kalitupa, siku hizi anaitwa Jemadari," "Jemadari wa jeshi gani, na magoti yale?" wanacheka, hata mimi kicheko kinanitoka puani, maana magoti yake nayajua, niliyapaka dawa kila alipoanguka ukutani kwa jirani... kalitupa, amesema kalitupa... sisi wadogo tunafua uani, mimi nakamua shuka, yeye ameshika ncha ya pili, mapengo mdomoni, anaongea, anaongea, mama anasema mnyamazisheni mtoto huyo, nami nikasema mama, huyu si mtoto, ni ndege, nikamtaja ndege mwenyewe, na mama akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Tena jina lenyewe alipewa na kiongozi wa bendi," fundi anasema, "kila mtu anajua," naam, kila mtu anajua, alilisema mwenyewe kwenye redio, nilikuwa na pasi mkononi, nikaunguza pazia la watu, nikampigia, akasema dada, watu wanapenda hadithi ya bendi, na jina ni jina tu, nikasema kama ni jina tu basi halitatoka tena kinywani mwangu, na halijatoka, kwa ndugu na majirani nasema yule, nasema mwenzenu, hata peke yangu silitamki, nalimeza kama mfupa... "Hajatupa kitu!" binti wa chuo ameinua mashine, uso unamtoka jasho, "Juzi mtangazaji kamuuliza, hilo pengo mwanzoni ni kosa la studio? Akacheka, akasema pale pana mwenyewe. Walimletea mabinti wa kuimba, kawarudisha wote. Kasema kiti cha mtu hakikaliwi." "Mwenyewe nani?" "Hakusema," na msusi anasema labda mpenzi wa zamani, fundi anasema labda deni, wanaanza upya, siwasikii vizuri, nasikia kitanda chetu cha utotoni kikilia, maana yule hajui kuomba radhi kwa mdomo, hajawahi, akinikosea mchana, usiku alikuwa anajibana ukutani, ananyamaza, ananiachia upande mpana na mto wote, nami nalala bila kusema asante, asubuhi yamekwisha... mjinga wewe, mjinga mkubwa, umejibana ukutani mbele ya nchi nzima, umewaacha wakuite mzee, wakuite msahaulifu, ili mimi nipate pa kulala, na mimi nafunga madirisha... "Dada, mabega yako yameshuka, afadhali," msusi ananong'ona, "ulikuwa mgumu kama ubao," nami naitikia kwa kichwa, mstari unapinda tena, na fundi simu anasema ngojeni, ngojeni, niwasikilizishe tena hilo pengo, mtakubali ni kosa, kidole chake kinagusa simu, na mpigo unakuja, sijajiandaa, wa pili, kifua kinapanuka chenyewe kama zamani, wa tatu, msusi anasema dada tulia, na mimi, na nusu kichwa changu, nafungua kinywa:

"Chirikuuu!"